Senga Aenda Kuleta Ujumbe

Graciete, msichana wa Kireno, alikuwa amekaa siku tano tu Glasgow. Alikuja kujifunza Kiingereza, na alichokuja nacho kilikuwa cha vitabuni, safi kama shati la harusi. Alikuwa amepanga chumba kwa Senga Auchterlonie, mjane wa miaka sitini na miwili. Huko Braga alimwacha mama yake hospitalini, amepasuliwa tumbo, na barua haijafika.

Jumamosi asubuhi Senga alivaa koti, akachukua kikapu, akasema kama alivyokuwa akisema marehemu mama yake kila alipokwenda dukani: "Haya, naenda kuleta ujumbe."

Graciete aliruka kitini. "Ujumbe? Umefika?"

"Usipowahi, wanamaliza wengine. Narudi saa tano."

Kwenye bucha palikuwa na foleni, na kwenye foleni palikuwa na umbea, kwa hiyo Senga alirudi saa sita. Alimkuta msichana amekaa kwenye ngazi na koti lake, rozari mkononi, macho mekundu.

"Nipe, mama. Hata kama ni mbaya."

"Mbaya? Nimechagua mwenyewe!" Senga alidhani ni njaa. "Subiri nipike kwanza."

"Siwezi kusubiri! Ujumbe uko wapi?"

Senga akatua kikapu mezani. "Huu hapa. Nyama ya kusaga, viazi, vitunguu, mkate. Unataka nini tena?"

Msichana aliinua mkate, akachungulia chini yake, akaanza kupekua katikati ya viazi. Hapo ndipo Senga alipoelewa.

"Mungu wangu! Ujumbe ni vitu vya dukani, kuku wangu. Huku ndivyo tunavyosema."

Graciete akafuta pua kwa kiganja. "Na kuku je? Tangu Jumatatu unaniita kuku. Nimekukosea nini?"

"Kuku ni mtu ninayempenda, mjinga wewe. Njoo huku."

Simu ya ukumbini ilikuwa na kufuli tangu mumewe Senga afariki. Akalifungua. "Piga kwenu."

Graciete alipiga nyumbani kwa mama yake mdogo. Senga hakuelewa hata neno moja. Alisimama na kitunguu mkononi, akiyatazama mabega ya msichana. Yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Mara yakashuka.

"Mama ametoka hospitali jana! Yuko hapo, anagombana na kila mtu!"

"Basi amepona."

"Anataka kukusalimu."

Senga akashika simu kwa mikono miwili. Wanawake wale wakapigiana kelele dakika nzima, kila mmoja kwa lugha yake, hakuna aliyemsubiri mwenzake.

"Amekuambia nini?" Graciete aliuliza simu ilipokatwa.

"Uvae soksi nzito."

Graciete alicheka hadi akajishika ukutani, kwa sababu mama yake alikuwa amesema hivyo hivyo.