Meza Moja na Mkwe

Tangu aolewe Tukuyu, Yunisi hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Ndiyo mila ya Wanyakyusa: mkwe akiingia kwa mlango huu, mke wa mwana atokee ule. Vijana wa siku hizi wanayacheka mambo hayo, lakini mzee Eliezeri hakuwa mtu wa kuchekewa.

Basi mafunzo ya tetemeko yalipoletwa kanisani, nyumbani yakazua kasheshe. Mwalimu alisema ardhi ikitikisika msikimbilie nje, maana tofali za juu ya mlango ndizo zinazowahi kuanguka. Ingieni chini ya meza imara, mjifunike kichwa, mshikilie mguu wa meza. Sawa. Ila meza imara ilikuwa moja tu.

"Mimi nijibanze na mkwe chini ya meza?" mzee alimwambia mwanawe, Clement. "Mwe! Bora mnizike."

Yunisi, aliyesikia yote toka jikoni, alimsihi mumewe achonge meza nyingine, ya baba peke yake. Clement akasema kesho. Kesho za Clement mnazijua, hazina tarehe.

Mchana mmoja wa mvua, Clement akiwa shambani na watoto shuleni, mzee aliingia sebuleni kujikinga. Yunisi alikuwa chumbani. Akatulia nyuma ya pazia, akingoja aondoke. Mara vikombe vikaanza kugongana kabatini. Kisha sakafu ikamyumbisha huku na huku, akasikia kiti kikianguka na viatu vya mzee vikikimbilia mlangoni.

Aliogopa kifo, akaogopa na aibu, na kwa kitambo hakujua kipi kinamtisha zaidi. Halafu akalipangua pazia, akalikamata koti la mzee kwa mikono miwili na kumvuta kama ndama mbishi, wakaanguka wote chini ya meza. Tofali zikaporomoka mlangoni kwa kishindo. Vumbi likajaa nyumba nzima.

Kimya kilipoingia, Yunisi alifumba macho kwa haya. Amemshika mkwe! Ukoo utasemaje? Akaanza kutambaa atoke, ampishe mzee.

Mkono mkavu ukamshika kiwiko.

"Kaa hapa, mwanangu." Miaka yote ile, maneno ya mzee yalimfikia kwa kupitia watu. "Bado inatikisika."

Ardhi ilikuwa imeshatulia. Kilichotetemeka ni ule mkono, na Yunisi akabaki.