Ushuhuda wa Shemeji Hippolyte

Corona ilipomwachilia shemeji yangu Hippolyte, mume wa dada Nkandu, dokta alimwambia arudi mwezi unaofuata wampime moyo na mapafu.

"Virusi inaweza kutoka na kuacha shida nyuma. Damu inaganda, moyo unachoka."

Shemeji akaitika vizuri sana. Jumapili akasimama kanisani, akashuhudia: "Nimepona kabisa! Hospitali hawataniona tena!" Akacheza mpaka kiatu kikarukia wanakwaya.

Hapo akajifunga mwenyewe. Huku Nchelenge, kando ya ziwa, ukishashuhudia, basi. Nani anarudi kwa dokta baada ya Mungu kupigiwa makofi?

Mwezi ukafika, ukapita. Akitoka ziwani kwenda nyumbani, shemeji alianza kusimama kila kona, eti anasalimia watu. Siku moja nikamkuta anasalimia mbuzi.

"Shemeji, pumzi imekwisha?"

"Funga kinywa. Niko naongea na majirani."

"Jirani huyu ana pembe."

Nilicheka mimi, mpaka jioni ile alipoinua beseni la chisense, dagaa wetu wadogo, akakaa chini ghafla, mkono kifuani, midomo imepauka.

"Hospitali, sasa hivi!" dada akasema.

"Mama Chabu," shemeji akamwambia mkewe, "watu wataniona! Watasema nilimusingizia Mungu."

Dada hakubishana. Ng'ambo ya barabara kwaya ilikuwa mazoezini. Akaenda, akarudi na Pasta Zacharia na kwaya nzima, ngoma mbele.

"Ndugu," pasta akasema, "ushuhuda wako ulikatika katikati. Tunakusindikiza ukaumalize."

Shemeji akapakiwa kwenye baiskeli ya samaki, mimi nasukuma, kwaya inaimba. Muuguzi akatokea mlangoni pa hospitali amekasirika.

"Mugonjwa ni nani?"

Kwaya yote ikanyoosha kidole.

Dokta alisikiliza kifua muda mrefu. "Moyo huu unakimbia na wewe umekaa. Ungengoja zaidi, tungekuzika."

Akampa dawa, akamkataza kuinua mizigo, akamwambia arudi tena, na tena.

Shemeji akatoka nje. Wote wanangoja neno. Akamtazama dada.

"Sijapona," akasema. "Niko napona."

Mpiga ngoma akamwangalia pasta: hiyo inapigiwa ngoma ama haipigiwi? Pasta naye akakuna kichwa. Dada hakuwangoja, akapiga vigelegele.