Samaki wa Jiwe Moja

Jumatano asubuhi Longino alikuta samaki wa pili amekufa, amelala ubavu juu ya mchanga, mkia umeliwa. Akamtoa kwa chujio la chai, akamfunga kwenye gazeti na kumtia mfukoni haraka kama mwizi. Wa kwanza alimtoa Jumatatu. Sasa walibaki wanane, na mzee Houssein alikuwa amesema kumi.

Houssein alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Yoba, mtu wa vitenge na sukari, na alikuwa amejenga mgahawa hapo Gitega, Burundi, wenye tangi la kioo ukumbini. Tangi lenyewe halikuwa kubwa, ila alikuwa ameona moja Bujumbura na wivu ukamnyima usingizi. "Samaki kumi, zikae pamoja bila vita," alimwambia Longino. "Vendredi, Ijumaa hii, kisha ya sala, nitafungua. Mi mwenyewe nitahesabu. Kama ziko kumi, kazi ni yako, na chumba ya nyuma ni yako. Kama haziko kumi, bon, tunaagana vizuri."

Chumba hicho ndicho kilichomkosesha Longino raha. Tangu warudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mkewe Jeska na mtoto wao Vumilia walikuwa wakilala jikoni kwa kaka yake Jeska, huko Muyinga, na kaka huyo alikuwa ameshaanza kuuliza wageni wanaondoka lini. Kaka wa tumbo moja, jamani! Jumapili Jeska alipopiga simu kuuliza samaki wanaendeleaje, Longino, ingawa vita vilikuwa vimeshaanza, alijibu bila kupepesa jicho, "Wanakaa kama ndugu." Kesho yake Jeska akagawa masufuria yasiyobebeka na kuaga majirani. Ijumaa angepanda gari la asubuhi.

Uongo ule ulimsumbua Longino, na kibaya zaidi, kosa alilijua. Kule Tanzania alifanya kazi miaka minne kwa mtu aliyeuza samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, chini ya msimamizi mkali aliyeitwa Egidius. Usichague kwa rangi, alisema Egidius. Uliza kwanza kila samaki anataka kukaa wapi. Wa maganda anataka ganda tupu la konokono na mchanga kidogo, basi. Wa mawe anataka jiwe. Tangi dogo linawatosha wote hao, ila usithubutu kuweka dume na jike la mawe ambao tayari wameshikana kama mume na mke. Siku wakitaga, tangi zima linakuwa nyumba yao.

Alikuwa na somo lote hilo kichwani alipotumwa Bujumbura kuchagua. Alichukua wanane wa maganda, kila mmoja mdogo kama kidole cha mwisho, akabakiza nafasi mbili. Muuzaji akatumbukiza wavu kwenye beseni ambamo samaki wawili wa mawe, wenye mikia ya nyuzi nyeupe, walikuwa wamejibana chini ya jiwe moja. Wavu ukamnasa dume, na jike akaufuata mpaka juu ya maji.

Hapo Longino akakumbuka malori. Kambini watu walirudishwa kwa kadi ya familia, na Jeska alikuwa bado ameandikwa kwenye kadi ya baba yake. Lori lake liliondoka miezi mitatu kabla ya lile la mumewe, naye akiwa na mimba. Longino alikimbia nyuma yake mpaka vumbi likamfunga macho. "Watie wote wawili," akamwambia muuzaji. Mtu mzima, na akili zake, akachagua samaki kwa machozi.

Sasa wale wawili walikuwa wametaga, na dume aliwafukuza wa maganda mpaka wakarundikana kwenye pembe ya kioo, mapezi yamechanika.

Salama, mke wa Houssein, aliyaona yote akiwa anapanga vikombe. "Toa ule mume," akanong'ona. "Halafu kimbia Mutoyi, kule kuna watu wamechimba bwawa. Leta ngege tatu, za kidogo. Mzee atahesabu kumi, basi. Yeye hajui sura ya samaki."

Alhamisi Longino aliazima baiskeli aende Mutoyi. Alifika barabarani, akasimama. Ngege, samaki wa bwawa wanaokua haraka, wangependeza Ijumaa, na baada ya miezi michache wangekuwa na wenzao wote tumboni. Lakini kesho Jeska anafika! Aligeuza baiskeli, akaigeuza tena, watu wakamtazama. Mwishowe akarudi mgahawani akiwa amejichukia.

Akamtoa dume, akamtia kwenye ndoo. Jike akabaki juu ya mayai, akigeukia kila upande, akitaka kulinda pande zote peke yake. Longino alivumilia kwa muda mfupi tu. Akamtoa na yeye, na jiwe, na mayai. Jioni wale sita wadogo walianza kutoka pembeni, kila mmoja akatafuta ganda lake. Tangi lilitulia, naye Longino hakula.

Ijumaa Houssein aliingia na kanzu nyeupe, wageni wakiwa bado nje. Akainamia kioo, kidole kikatembea. "Sita," akasema. "Longino, ziko sita." Wakati huohuo Jeska akasimama mlangoni, Vumilia mgongoni, mkeka kwapani.

Longino akasema yote: jozi, mayai, wawili waliokufa. Kisha akamgeukia mkewe. "Nilikudanganya kwenye simu. Hawakukaa kama ndugu."

"Nimeshagawa masufuria, baba Vumilia," Jeska akasema taratibu, akashusha mkeka chini.

Houssein akachungulia ndoo. Jike alikuwa juu ya mayai, dume mbele yake. "Alors, si ungetoa mume tu?"

"Niliwatenganisha, mzee. Nikashindwa kuwatazama."

"Mi nilimuambia alete ngege," Salama akasema kutoka kaunta. "Ungehesabu kumi, hata usingejua. Akakataa."

Houssein alimtazama mkewe, akamtazama Longino, akarudi kwenye kioo. "Hizi sita, hazitapigana?"

"Hazitapigana. Kila mmoja ana kwake."

Mzee akapapasa mfuko wa kanzu, akatoa ufunguo wa chumba cha nyuma. Longino akanyoosha mkono, lakini ufunguo ukampita.

"Mama, shika we," Houssein akamwambia Jeska. "Kazi abaki nayo, ila ufunguo huyu asiushike. Anachaguaga na huruma. Kufika dimanche, Jumapili hii tu, nitakuta Muyinga yote iko ndani ya chumba yangu."

Jeska akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akainama, akainua ndoo kabla ya mizigo yake, akauliza mlango ni upi.