Bangi Isiyotaka Kuhamishwa

Bosi wangu Gerald aliuita udongo wangu mchanga, na kwa hilo sikumsamehe miezi mitatu. Najua, Wakenya wengi husema hivyo. Lakini mimi Praxeda nilizaliwa Karagwe, Tanzania, na kwetu mchanga ni wa kujengea choo. Udongo nilioutengeneza kwa mikono yangu pale Masaka, upande wa Kicukiro, hapa Rwanda, haukuwa wa kujengea choo.

Shamba lenyewe ni la bangi. Ndiyo, bangi. Usigeuke kuangalia nyuma: ni bangi ya dawa, ina leseni, ua wa waya mara mbili, na askari getini wanaotupekua mpaka viatu tukitoka. Mimi ni msimamizi wa udongo na nina wanawake sita chini yangu. Mlima lilipo shamba una udongo mwekundu, unanata, una uchachu. Tuliulima mara mbili, tukatia chokaa, tukachanganya samadi iliyolala miezi sita, maganda ya maharage, na yale mawe meusi mepesi ya volkano yanayotoka kaskazini, tuliyoyaponda kwa nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ukiukamata ngumini ulishikana, ukiugusa kwa kidole ulivunjika. Udongo huo hata mpini wa jembe ungeota.

Mbegu zilitoka ng'ambo. Aina hiyo wenyewe wanaiita oto. Bangi ya kawaida hutazama urefu wa mchana, na hapa kwetu mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, kwa hiyo hudhani msimu umekwisha na kutoa maua ikiwa bado ndogo. Oto haitazami jua. Ikiota inaanza kuhesabu siku zake, na zikitimia inatoa maua, iwe imekua au haijakua.

Gerald alinipa karatasi ya maelekezo, kisha akaenda kwao Kenya wiki tano kwa shughuli za msiba wa mjomba wake. Karatasi ilisema wazi: panda mbegu pale pale itakapokaa, usihamishe mche. Nikaisoma mara mbili, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Mimi niambiwe habari za miche? Tangu nina miaka minane namwagilia vitalu. Nyanya, kabichi, tumbaku, vyote vinaanzia kitaluni. Vikipata majani ya kutosha unavihamishia shambani, vinanyauka siku tatu, vinaamka na nguvu mpya. Mama yetu alikuwa na msemo wake: mche usiohamishwa hauna adabu.

Msemo huo nimempiga nao mdogo wangu Nkusi miaka thelathini. Wazazi wetu walikuwa wakimbizi; tulirudi Rwanda mwaka tisini na tano, mimi nina kumi na minne, yeye sita. Mimi niliinuka. Yeye watoto darasani walikicheka Kinyarwanda chake, akanyamaza, akaacha shule darasa la tatu, na leo anashona zipu kwenye baraza la fundi mmoja Nyamirambo. Kila nikimwona namwambia, "Sote tulihamishwa, Nkusi. Mbona mimi niliota?"

Basi nikatengeneza kitalu kizuri chenye kivuli cha nyasi, nikapanda mbegu mia mbili. Siku ya kumi na nane tukaing'oa miche na kuihamishia shambani.

Siku tatu zikapita, miche imelala. Wiki ikapita, bado imejikunja. Siku ya thelathini alinijia mbio Mukamana, mkubwa wa wale wanawake sita.

"Dada Praxeda, kuja uone! Ile kitu iko natoa maua!"

"Maua gani? Haijafika hata magotini."

"Magoti gani, dada? Iko ndogo kama kitunguu. Na iko natoa maua."

Nilikwenda nikaona. Miche kimo cha kiganja, kila mmoja una vinyweleo vyeupe kileleni, umezeeka kabla ya kukua. Nilichuchumaa pale nikatamani ardhi inimeze. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika yote mawili.

Gerald aliporudi alizunguka shamba lote bila kupaza sauti. Kitalu tulikuwa tumeshakifukia, hakuona kitu.

"Hii mchanga yako ndiyo imetuangusha, mama," alisema. "Ofisi kubwa wanataka tununue mchanga ya magunia kutoka nje. Wale kina mama sita tutawaachilia mwisho wa mwezi. Wewe usijali, nitakupeleka upande wa kukausha. Mshahara ni ule ule."

Nilimtazama Mukamana, aliyekuwa akijifanya anakung'uta jembe. Nikinyamaza, mimi nimepona, na udongo wangu unabeba lawama. Sitaficha kitu: nilishawishika. Kisha hasira ikanipanda, hasira ya kusikia udongo ule ukisingiziwa.

"Udongo hauna kosa, Bwana Gerald. Niliotesha kitaluni, nikahamisha miche. Hawa walifuata amri yangu."

"Karatasi ulisoma?"

"Mara mbili."

"Ukaelewa?"

"Nikaelewa."

"Sasa mbona ukafanya hivyo?"

"Kiburi," nikasema. Sikuwa na jina lingine.

Aliinama, akachota udongo, akaukamata, akaugusa ukavunjika. Akafanya hivyo tena.

"Kosa moja haliachi mke," alisema mwishowe. "Lakini la pili linaacha. Kuna mbegu arobaini zimebaki kwa friji. Hizo zikiharibika, mnaenda nyote saba. Na wewe ndiye wa kwanza."

Sikulia. Nilifunga kitenge kiunoni tukaanza upya. Tulichimba mashimo arobaini. Chini tukaweka udongo wenye nguvu, juu katikati tukaweka laini usio na samadi nyingi, maana mtoto mchanga halishwi pilau. Mbegu tukaziingiza kina cha ukucha, kila moja nyumbani kwake, na pembeni tukatandaza nyasi kavu. Maji tulitia kwa kikombe. Kila asubuhi nilipita na karatasi ile mkononi, imefunguliwa.

Siku ya tisa tangu zilipoota, mvua ilikuja mchana, mvua ya kupiga. Maji yakaanza kushuka kutoka juu ya mlima moja kwa moja kwenye miche. Tulikimbia na mabeseni na nyungo, tukafunika tulivyoweza.

"Dada, inakufa!" Mukamana alipiga kelele. "Tutoe hii haraka, tupeleke pale juu kwenye kukauka!"

Tayari ameshaingiza vidole ardhini. Nilimshika mkono.

"Hakuna anayeng'oa kitu! Mche hauhamishwi. Tuhamishe maji!"

Tulichimba mfereji, wanawake saba, wengine kwa majembe, wengine kwa masufuria ya chakula chetu cha mchana. Tope lilinifika mapajani, kiatu kimoja hakikuonekana tena. Maji yalipinda, yakapita pembeni. Tulipofunua tulikuta mitatu imekwenda. Thelathini na saba ilikuwa imesimama.

Ikatoa maua siku zile zile kama miche ya kwanza, thelathini na kidogo, lakini safari hii ikiwa imepita magoti. Siku ya sabini ilikuwa kiunoni mwangu, na harufu imejaa mpaka getini. Gerald alipima mmoja baada ya mwingine, akaandika, akakuna kichwa.

"Huu udongo uko sawa," alisema.

"Umesema nini?"

"Udongo, Mama Praxeda. Udongo. Magunia hatununui. Mnabaki wote."

Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia pale pembeni ambapo mmoja wa ile miche ya kwanza ulisahauliwa. Umekauka, kimo cha kiganja, na vinyweleo vyake kileleni. Ulikuwa umepewa udongo ule ule.

Nilichukua pikipiki hadi Nyamirambo na viatu vyangu vya tope. Nkusi alikuwa barazani, uzi mdomoni. Aliponiona aliweka sindano chini.

"Najua, dada," alisema. "Sote tulihamishwa."

"Hapana," nikasema, mbele ya wateja wa watu. "Wewe ulikuwa na miaka sita. Hukuwa na kosa lolote. Nimekuonea miaka thelathini, nisamehe."

Alinisogezea kigoda, akalitazama koti langu kifuani.

"Leta hiyo koti. Zipu yako imekufa tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea wewe, dada."

Nikavua koti, nikampa, nikakaa kimya.