Kidole Juu ya Mwamba

Walimwita Kidole, na jina hilo hakuliokota njiani. "Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa," wachuuzi wa samaki walizoea kumtania, "lakini cha huyu bwana kinavunja mgongo wa sangara!" Naye alicheka tu, akajishika kiuno, maana sifa ni tamu jamani, nani asiyezipenda.

Kazi yake ilikuwa kuburuta chambo bandia nyuma ya boti ziwani. Chambo chenyewe ni kipande cha risasi, uzito wa funguo mbili hivi, chenye ndoano na unyoya mwekundu. Fimbo hana, mashine ya kupima kina hana. Mshipi ulipita juu ya kidole chake cha shahada cha kushoto, akafumba macho, akasikiliza. Risasi ikigonga mwamba huko chini, kidole kinamwambia, naye anavuta mshipi kiasi cha mkono mmoja na kuacha hapo. Sangara wakubwa hulala ubavuni mwa ule mwamba, wavivu kama mashemeji waliokuja kusalimia wakahamia. Ukiwapitishia chambo juu mno, hawanyanyuki. Ukikipitisha chini mno, ndoano inanasa kwenye jiwe, na chambo ndiyo kwaheri.

Tatizo ni kwamba mwamba haukulala sawa, unapanda na kushuka. Hapo ndipo alipohitajika mkewe, Mama Pacha, aliyeshika injini. Kidole akisema "kaza", boti inaongeza mwendo na risasi inapanda. Akisema "punguza", inazama tena. Walivua hivyo tangu mapacha wao wakinyonya, na hao mapacha sasa wana ndevu.

Kisha ikaja sukari, ule ugonjwa. Ilianza na kiu, ikafuata ganzi ya miguu, ikahamia mikononi. Kule zahanati, muuguzi alimwambia afumbe macho na atoe mkono. Akakaa, akakaa, akachoka.

"Anza basi, sista, nina kazi."

"Nimeshamaliza, baba," muuguzi akasema, na sindano ilikuwa mkononi mwake. "Nimekuchoma vidole vyote. Mishipa ya fahamu ikishakufa namna hii, hairudi."

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, alilijua hilo, lakini angesema nini? Kuvua ndiyo kazi pekee aliyoiweza, na boti si yake, ni ya Tajiri. Tena samaki waliendelea kuja! Alifumba macho kama zamani, akasema "kaza" palipomjia, na sangara wakapanda botini mmoja baada ya mwingine. Akajidanganya kwamba muuguzi yule bado mchanga. Kama kidole kimekufa, hawa samaki wanaletwa na nani?

Kilichomponza ni petroli. Tajiri aliona madumu yanakwisha upesi kuliko zamani, akaja juu. "Mama Pacha anaichezea injini yangu! Anakaza, anapunguza, anakaza, kama anaendesha cherehani. Kesho injini nashika mwenyewe. Yeye abaki nchi kavu."

Usiku ule Mama Pacha alimwambia mumewe, "Mwambie unaumwa. Usiende."

"Nisiende kwa nini? Boti inaendeshwa na kidole, haiendeshwi na injini."

Mkewe akainamia sufuria, akaendelea kukoroga.

Asubuhi wakaingia ziwani, Tajiri nyuma, Kidole mbele yake. Kidole akaachia mshipi, akafumba macho, akangoja kugongwa. Kimya. Alipofumbua, mshipi ulikuwa umekaza kama waya, na mara ukakatika. Akafunga chambo kingine. Nacho kikaliwa na mwamba.

"Sema basi!" Tajiri akafoka. "Nikaze au nipunguze?"

Kidole akatazama ufukweni kutafuta alama yoyote. Alama gani? Maisha yake yote hakuwahi kuzihitaji. Ndipo akamkumbuka mkewe alivyokuwa akikaa pale kwenye injini, shingo imegeukia ule mnara wa maji na lile paa la bati, na injini ikibadili mlio kabla Kidole hajafungua kinywa. Kabla! Mwenye kupandisha chambo alikuwa mkewe, na mwenye kukishusha ni yeye. Na yule mwenye sifa alikuwa abiria tu, amefumba macho. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na baada ya aibu ikaja hofu, maana sasa yuko peke yake.

Akafunga chambo cha tatu haraka haraka. Akarusha. Akafumba macho, akaachia mshipi pima baada ya pima, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Ilimbidi aseme kitu.

"Hapo," akasema. "Nimegusa chini. Kaza kidogo."

Injini ikazimwa.

"Kidole," Tajiri akasema, na ile sauti ya ukali haikuwepo tena. "Fumbua macho."

Akafumbua. Mshipi ulikuwa unaelea juu ya maji, duara juu ya duara. Risasi haikuwa imefika popote. Ilining'inia kwenye kidole chake cha shahada, ndoano imezama nyamani mpaka kwenye mpindo, na damu imeshachuruzika hadi kwenye kiwiko.

Tajiri hakutukana. Afadhali angetukana. Aligeuza boti, na walipofika alimwita Mama Pacha kando.

"Nimeelewa petroli yangu ilikokwenda, dada," akamwambia. "Jumatatu njoo, ushike injini. Mshipi atashika mpwa wangu. Mumeo apumzike."

Chini ya kibanda cha kuparia samaki, Mama Pacha akamkalisha mumewe kwenye kreti, akachukua koleo, akaweka ule mkono mapajani mwake.

"Ulijua tangu lini?" Kidole akauliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeingia tena ziwani?"

Kidole aliutazama mkono wake ukigeuzwageuzwa kama wa jirani. Ndoano ina meno, haitoki ilikoingilia. Lazima isukumwe itokee upande wa pili, ndipo ikatwe. Mama Pacha akaisukuma. Ngozi ikavimba, ikapasuka, ncha ikachomoza. Kidole alisikia mlio wa koleo tu. Akamwona mkewe anavyouma midomo, jasho linamtoka, anangoja.

"Aa! Taratibu, Mama Pacha," akasema. "Unaniumiza."

Mkono wa mkewe ukasimama. Machozi yakamdondoka juu ya koleo, asijisumbue kuyafuta.

"Pole, mume wangu," akasema. "Samahani. Karibu namaliza."

Akaendelea polepole sana, na kila alipovuta, alimwomba radhi.