Wageni wa Kizingiti cha Alamelu

Kwa miaka kumi na tisa mfululizo, Alamelu alikuwa wa pili. Mtaa mzima wa nyuma ya hekalu ulilijua hilo, na Pankajam wa ng'ambo ya njia alihakikisha hakuna anayelisahau. Kila mwezi wa Margazhi wanawake huchora kolamu, michoro ya unga, mbele ya milango yao alfajiri, na Jumapili ya mwisho kamati ya hekalu hupita kuchagua iliyo bora. Mwaka huu mkono wa Alamelu ulikuwa umeanza kutetemeka. Alijua hatapata nafasi nyingine, na ushindi huo aliutamani kama mjamzito anavyotamani embe bichi.

Jumapili hiyo alinyunyiza maji mlangoni, akafagia, akainama. Aliweka vitone, kumi na tisa kwa kumi na tisa, kisha mstari ukavizunguka vyote bila kukatika. Ajabu, unga ulishuka mzito, mweupe pe, ukatua palepale alipotaka.

"Shoga, leo umekula nini?" Pankajam alipaza sauti. "Mbona mkono umerudi ujanani?"

"Nimekula wivu wako. Umekolea chumvi, asante!"

Yamuna, mke wa mwanawe, alimletea kahawa. Alitabasamu, lakini hakumtazama mama mkwe wake machoni.

Jua likachomoza. Alamelu akakaa kizingitini kuingojea kamati, ambayo kama kawaida ilikuwa imekwama kwa Pankajam ikinyweshwa kahawa na kulishwa vitafunio. Hapo ndipo alipowaona sisimizi. Walitoka kwenye ufa wa ukuta kuja kula unga wa mchele kama kila siku, wakafika kwenye mstari, wakaugusa, wakahangaika huku na huku, kisha wakaondoka zao.

Alichota unga kidogo, akausugua vidoleni, akauonja. Ulikuwa jiwe lililosagwa.

"Yamuna!"

"Abee, mama."

"Nani kajaza kopo langu la unga?"

Yamuna aliinamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Unga wa mchele ni mwepesi, siku hizi unakuponyoka. Huu wa jiwe ni mzito, na wenzako wote wanatumia huu. Nilitaka ushinde, japo mara moja tu. Nisamehe."

Hasira ilimpanda Alamelu, ikashindwa kutoka. Angemfokeaje mtoto aliyemwibia mchele kwa mapenzi? Lakini mama yake mzazi alimfundisha kwamba chakula cha kwanza cha siku humwendea asiyeweza kubisha hodi, na Lakshmi, mungu wa kike wa neema, hapiti kwenye mlango uliomnyima mnyonge. Kuchora ni kupamba sahani tu.

"Niletee ufagio," alisema. "Na mchele uliosagwa."

"Mama! Kamati hiyo inatoka!"

"Itoke. Wageni wangu wamekuja, wamekuta mawe kwenye sahani. Ningekuwa mimi ningetukana."

Aliitazama mara moja kolamu nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, kisha akaifagia. Ilimuuma sana, hata machozi yakamlengalenga. Akachota unga wa mchele, akainama tena, na mkono ukarudia kutetemeka. Yamuna akainama kando yake, akawa anatangulia kuweka vitone, naye akifuata na mstari. Walifika vitone saba kwa saba tu kamati iliposimama mbele yao.

Katibu alijikuna kisogo. Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya mlevi. "Mama Alamelu, mwaka huu hata nafasi ya pili..."

"Andika ulichokiona, mwanangu. Sina neno."

Pankajam akatwaa sufuria, zawadi ya mshindi, akavuka njia nayo mikononi. "Pole, jirani. Uzee haubishiwi."

Alamelu alikuwa ameketi kizingitini, kahawa mkononi, Yamuna ubavuni pake, na moyo wake ulikuwa mweupe. Sisimizi walikuwa wamejaa kwenye mstari, kila mmoja na punje yake. Wengine walikuwa bado wanakuja, msururu mrefu uliokata njia. Aliufuata kwa macho hadi ulikoanzia, chini ya mlango wa Pankajam.

"Hongera, shoga, sufuria nzuri," alisema. "Ila watu wako wako huku kwangu tangu asubuhi. Nikufungie chakula chao, au waendelee kula hapahapa?"