Mgongo wa Albano

Mwaka 1968 Albano, mchonga vinyago, aliletwa kwa mjomba wangu Mwishehe, Chang'ombe, hawezi kunyoosha mgongo. Mwili wake ulikuwa wa moto kama pasi. Mjomba alikuwa muunga mifupa mashuhuri. Mie nilikuwa mwanafunzi wake.

"Pingili zimehama," alisema, akaanza kumkanda kwa mafuta ya nazi.

Mwezi uliotangulia, balozi wa nyumba kumi alipita mtaani na wachanjaji wa ndui. Mjomba aliwakataza wateja wake wasipange foleni. "Mgongo ukinyooka, maradhi hayana pa kukaa. Mnataka kutiwa usaha wa ng'ombe?" Albano, mmoja wa wateja hao, alimsikiliza, hakuchanjwa. Waunga mifupa wengine wa Temeke nao wakayarudia maneno hayo kwa wateja wao.

Siku ya nne nilimfunua Albano shuka nikaona vipele usoni, mikononi, hadi viganjani; kumbe homa ile na maumivu ya mgongo vilikuwa mwanzo wa ndui. Nikakimbia kuwaita watu wa afya. Walimchukua, nami wakanichanja palepale. Albano alipona, ila macho yote mawili yaliharibika.

Mkewe, Eufrazia, akaja uani kwetu. "Shikamoo mzee. Mume wangu kazi yake ni kuchonga. Sasa atachonga nini?"

Mjomba akajibu, "Mngemwacha hapa, ningemaliza kumnyoosha."

Nikamgeukia mjomba. Alikuwa kifua wazi kwa joto, na begani pake palikuwa na kovu la mviringo nililoliona miaka yote bila kuliuliza. Sasa nilikuwa na kidonda cha namna ileile.

"Mjomba, hilo kovu la nini?"

"La zamani."

"La chanjo! Wewe ulichanjwa!"

"Nilipokuwa kibarua bandarini, Waingereza walitulazimisha," akasema, kama anayezungumzia mvua ya jana.

"Ndiyo maana umemkanda mtu wa ndui siku tatu usipate hata kipele! Na hawa uliowakataza, nani atawakinga?"

Wagonjwa mkekani wakainua vichwa. Eufrazia alimtazama mjomba, akatema mate chini, akaondoka.

"Toka, Mauwa," mjomba akasema. "Kazi hii nimekufunza mie."

"Umenifunza kuunga mifupa. Uongo sikukuomba."

Nikatoka. Wateja wake hawakupungua hata mmoja, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilipanga chumba Temeke. Miaka ile ya ndui, mtu akija na mkono umevunjika nilikuwa namfunga kwanza, kisha nampeleka mwenyewe akachanjwe.

Mjomba alipofariki sikulia. Watu wakasema nina roho ngumu. Wakamwambie Albano.